Kuwa Jiwe la Bismarck: kumwandaa mtoto anayekwenda kupigwa picha hospitalini

Mwanangu alikuwa na miaka mitano alipoandikiwa siti skani ya kichwa. Nikamdanganya. Nilimwambia tunakwenda Kisiwa cha Saa Nane, hapa Mwanza, kuona wanyama. Akavaa viatu vyake vya sikukuu, akajaza karanga mfukoni, tukapanda daladala Nyakato. Alipoona tunapanda kilima badala ya kuteremkia ziwani, akanyamaza. Alipoona kitanda cha mashine, akapiga ukelele uliomfanya mama mmoja benchini aache kunyonyesha ili atutazame. Hakulala. Wanaume wawili walijaribu kumlaza wakashindwa. Tukapangiwa siku nyingine, na njia nzima ya kurudi hakunisemesha mpaka tulipopita Buzuruga.

Mara ya pili alipanda kitandani mwenyewe, akatulia, picha ikapatikana bila dawa ya usingizi. Mashine ilikuwa ileile na wahudumu ni walewale. Kilichobadilika ni maneno yangu na wiki moja ya mazoezi chini ya meza ya kulia chakula. Tangu hapo ndugu na majirani hunipigia simu kila wanapoandikiwa kipimo cha mtoto, nami huwaeleza mambo yaleyale, ndiyo haya.

Kwanza, jua ni picha gani

Sisi tunasema "picha" tu, au "kipimo", na hapo ndipo maandalizi yanapoharibikia. Picha zinazoandikwa mara nyingi ni za namna nne, na kila moja inamtaka mtoto kitu tofauti. Kabla hujaondoka kwa daktari aliyeandika fomu, muulize: ni kipimo gani, cha sehemu gani ya mwili, atakula au hatakula, na kama atachomwa dawa.

Eksirei ndiyo rahisi kuliko zote. Mtoto anasimama au analala, anatulia sekunde chache, imekwisha. Hutumia mionzi, lakini kwa picha ya kifua kiasi chake ni kidogo, kama kile ambacho mwili hupokea wenyewe kutoka ardhini na angani kwa siku chache.

Altrasaundi haina mionzi kabisa; hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Mtoto anapakwa ute wa baridi, kisha kifaa kidogo kinapitishwa juu ya ngozi. Huku kwetu kando ya ziwa watoto wengi huandikiwa kipimo hiki kutazamwa ini, bandama au kibofu kwa sababu ya kichocho. Kichanga hupimwa ubongo kupitia utosini, maana mfupa wa hapo bado haujafunga, na ndivyo kichwa kikubwa hutazamwa mara nyingi kabla ya kupelekwa kwenye mashine kubwa.

Siti skani ni eksirei inayozunguka. Mashine yake ina umbo la andazi kubwa lenye tundu katikati. Kitanda kinaingia na kutoka. Picha zenyewe huchukua sekunde tu, ingawa kumlaza na kumpanga kunaweza kula dakika kumi au zaidi. Mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida kwa mbali, ndiyo maana si vibaya kumuuliza daktari kwa upole: "Je, altrasaundi haiwezi kutupa jibu hilohilo?" Akikwambia haiwezi, basi fanya. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe na anatapika asicheleweshwe kwa hofu ya mionzi.

MRI haina mionzi, hutumia sumaku. Lakini ndiyo inayowashinda watoto, kwa mambo matatu: ni ndefu, dakika ishirini hadi saa nzima, ni bomba jembamba, na inapiga kelele. Ukitaka kujua kelele yenyewe, simama karibu na karakana ya kuchomea mageti siku ambayo kila fundi ana kazi. Ndiyo maana watoto wadogo wengi hupewa dawa ya usingizi kwa MRI, wakati siti skani hiyohiyo ya kichwa wangeweza kuifanya macho.

Pili, ondoa daktari kwenye orodha ya vitisho

Hili linaanza muda mrefu kabla ya siku ya kipimo. "Nyamaza, daktari atakuchoma sindano." Tumeambiwa hivyo tulipokuwa wadogo nasi tumerithisha. Mtoto aliyekua akisikia kwamba sindano ni adhabu ya kulia, siku akiona kanula, ile sindano ya mrija inayowekwa kwenye mshipa, anajua kabisa kwamba amekosa, na anaanza kukumbuka makosa yake yote. Mwanangu aliniuliza, "Ni kwa sababu nilivunja kikombe?" Nilikuwa nimeshasahau hicho kikombe.

Kwa hiyo mwambie dada wa kazi, mwambie shangazi, waambie na kaka zake: kuanzia leo katika nyumba hii hakuna anayetishiwa hospitali.

Tatu, mwambie ukweli, kwa wakati wake

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hana jana wala kesho. Mweleze asubuhi ileile, kwa maneno machache, na umpe mwanasesere au kitambaa chake. Wa miaka minne hadi sita mwambie siku mbili au tatu kabla. Ukimwambia mapema zaidi anabeba hofu usiku hadi usiku, ingawa mazoezi ya kutulia unaweza kuyaanza mapema kama mchezo tu, bila kutaja hospitali. Wa miaka saba kwenda juu anahitaji wiki, na atakuuliza maswali ambayo huna majibu yake. Andika maswali hayo kwenye karatasi, mwende nayo. Mpiga picha hufurahi kuulizwa na mtoto.

Mimi nilimwambia hivi, na bado sijaona namna bora zaidi: "Sikiliza, baba. Daktari anataka kuona ndani ya kichwa chako kuna nini kinachokuuma. Macho yake hayaoni ndani, kwa hiyo kuna mashine inayopiga picha. Mashine haikugusi. Utalala, itazunguka, itanguruma. Mimi nitakuwa karibu. Kazi yako ni moja tu, kutokutikisika."

Angalia lisilokuwemo. Sikusema "haitauma hata kidogo", kwa sababu mtoto husikia neno "uma" peke yake, na kama kuna sindano nitakuwa nimesema uongo. Sikusema "usiogope". Kama atachomwa dawa ya kung'arisha picha, mwambie: "Kuna sindano moja mkononi. Itakuchoma kama siafu, kisha itaisha. Unaruhusiwa kulia, ila mkono usiutoe." Hiyo ruhusa ya kulia ni muhimu kuliko tunavyodhani, hasa kwa mtoto wa kiume aliyezoea kuambiwa mwanaume halii.

Mwandae pia kwa dawa yenyewe. Ile ya siti skani ikiingia mwilini huleta joto la ghafla kifuani na chini ya tumbo, ladha kama ya chuma mdomoni, na mtu huhisi amejikojolea. Mtoto wa miaka minane asiyejua hilo atashtuka na kuinuka ili ajitazame suruali, na picha imeharibika. Akiambiwa, atacheka.

Nne, mchezo wa jiwe

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ningekuomba utumie muda wako kama una muda mchache.

Watoto wa Mwanza wote wanalijua Jiwe la Bismarck, lile lililosimama juu ya miamba mingine pale majini kama litaanguka leo, na halianguki. Nilimwambia mwanangu: "Leo wewe ni Bismarck. Wimbi linakupiga, hutikisiki. Mnandi anatua kichwani, hutikisiki. Watalii wanakupiga picha, hutikisiki." Tukaanza na kuhesabu hadi kumi. Alicheka alipofika saba. Siku ya pili alifika thelathini. Dada yake ndiye alikuwa wimbi na mnandi, akimpulizia sikioni na kumtekenya nyayo kwa unyoya wa kuku.

Siku ya tatu tukaingiza mashine. Tulitandika mkeka chini ya meza, tukaning'iniza khanga pande zote, tukaacha upande wa kichwa wazi. Akalala chali, mikono ubavuni, kitambaa kimekunjwa kila upande wa kichwa kwa sababu kule hospitali kichwa huwekwa kwenye kishikizo. Dada yake akagonga sufuria kwa mwiko. Kwa siti skani mngurumo tu unatosha, mtu anaweza kuuigiza kwa mdomo. Kwa MRI gonga hasa: polepole, halafu haraka, halafu nyamaza kabisa, halafu anza ghafla bila kuonya. Kinachowashtua watoto ni ule ukimya unaokatika, kwa hiyo mzoesheni nao.

Mambo madogo yanayosaidia: afunge macho kabla hajaingia chini ya meza, siyo akiwa ndani. Achague mapema kitu cha kuwaza, kwa mfano safari nzima kutoka nyumbani hadi kwa bibi, kituo baada ya kituo. Pua ikimwasha, apumue nje taratibu na kuhesabu tano. Afanye zoezi la kuwashwa pia, maana kuwashwa huja tu ukiambiwa usijikune. Na kama kipimo ni cha kifua au tumbo, mfundishe kushika pumzi: "Vuta, shika, kama unazamia ziwani." Mtoto wa mwaloni hahitaji somo hilo.

Akifika dakika tano chini ya meza bila kusogea, siti skani ataiweza. Akifika dakika kumi na tano, mwambie mpiga picha wa MRI. Huenda wakakubali kujaribu bila usingizi. Akishindwa, ameshindwa, asichekwe wala asilinganishwe na binamu yake.

Kichanga huwezi kumfundisha jiwe, lakini ana njia yake. Kwa watoto wa miezi michache ya kwanza baadhi ya hospitali hutumia mbinu ya kumnyonyesha ashibe, kumviringisha vizuri kwenye shuka na kumwacha alale mwenyewe kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Uliza kama wanaifanya. Ikiwa ndivyo, usimwachie alale njiani. Mchangamshe kwenye gari ili usingizi uje pale unapotakiwa.

Tano, njaa

Kama atapewa dawa ya usingizi au nusu kaputi, tumbo lazima liwe tupu, kwa sababu akilala kwa dawa chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni saa sita bila chakula wala maziwa ya kopo au ya ng'ombe, saa nne bila maziwa ya mama, saa mbili bila maji. Hospitali yako ikikupa saa nyingine, fuata za hospitali.

Sasa piga hesabu kwa saa zetu. Kipimo ni saa tatu asubuhi. Chakula cha mwisho ni kabla ya saa tisa usiku, yaani kwa kweli ni cha jioni. Ziwa la mama la mwisho, saa kumi na moja alfajiri. Maji ya mwisho, saa moja asubuhi. Weka kengele ya simu kwa kila kimoja. Mnyonyeshe kwa kumwamsha hiyo saa kumi na moja, na mwenye kunywa maji mpe maji saa kumi na mbili na nusu. Wazazi wengi hufunga kila kitu tangu jioni wakidhani ndiyo usalama, matokeo yake mtoto anafika amekauka na mshipa hauonekani.

Uji ni chakula, hata ukiwa mwepesi. Chai ya maziwa ni maziwa. Juisi ya embe ni chakula. Pipi na ubani pia havitakiwi.

Halafu kuna bibi. Karibu kila nyumba ina bibi anayeamini kwamba mjukuu hawezi kutoka mlangoni bila kitu tumboni, na atakachofanya ni kumvizia mtoto jikoni na kipande cha kiazi. Nimeona kipimo kikiahirishwa kwa kipande cha kiazi. Bibi usimgombeze, mpe sababu: "Mayu, akila atapaliwa akiwa usingizini." Na umpe kazi: yeye ndiye atakayeandaa uji wa kurudi nao kwenye chupa ya chai. Wadogo zake mtoto nao wasile mbele yake; wapelekwe kwa jirani asubuhi hiyo.

Altrasaundi ya tumbo nayo mara nyingi huhitaji mtoto mkubwa akae saa kadhaa bila kula, ili mfuko wa nyongo uonekane umejaa. Ya kibofu ni kinyume: anywe maji ya kutosha na asikojoe. Ukipewa fomu ya "tumbo lote", uliza kipi kinahusika, maana mtoto aliyekunywa maji asubuhi na kukojoa getini anawarudisha wote kwenye foleni.

Usimpe dawa yoyote ya kumlewesha kutoka nyumbani. Najua kuna wanaotoa piritoni "ili alale tu". Dawa hiyo ikikutana na ya hospitali inaweza kumzuia kupumua vizuri, na mtaalamu wa usingizi hatajua kwa nini. Dawa anazotumia kila siku, za kifafa kwa mfano, muulize daktari. Mara nyingi huendelea na funda dogo la maji.

Mwenye selimundu

Nalitenga hili kwa sababu Kanda ya Ziwa ndiyo yenye watoto wengi wenye selimundu (sikoseli) kuliko kanda nyingine nchini. Kwao kukaa bila maji si usumbufu tu. Kukauka kunaweza kuamsha maumivu. Kwa hiyo tangu siku ya kupanga sema wazi: "Mtoto wangu ana selimundu." Omba awe wa kwanza asubuhi, uliza kama atawekewa dripu wakati wa kufunga, na umvike sweta, kwa kuwa vyumba vya mashine hupozwa sana na baridi nayo ni adui yake.

Watoto hawa wana kipimo chao kingine pale kinapopatikana: altrasaundi ya mishipa ya kichwa, inayopima kasi ya damu kwenda kwenye ubongo ili kujua nani yuko hatarini kupata kiharusi. Hupendekezwa kila mwaka kuanzia miaka miwili hadi kumi na sita. Kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi ni ishara ya hatari kubwa, na matibabu ya kuizuia yapo. Maandalizi yake ni kinyume cha yote niliyosema: ale, anywe, na asilale. Usingizi hubadilisha kasi ya damu, kulia vilevile, na homa. Basi mtoto awe macho, ametulia, ana kitabu cha picha au katuni kwenye simu kwa nusu saa hivi. Akiwa na homa siku hiyo, sema, mpangiwe upya.

Sita, vua kila chenye chuma

Kwa eksirei na siti skani chuma huharibu picha. Kwa MRI chuma ni hatari, maana sumaku yake haizimwi hata kama hakuna mgonjwa ndani. Inaweza kuvuta pini kutoka mfukoni.

Anza usiku, ukimwogesha. Shanga za kiunoni, hirizi, bangili, hereni, cheni, kamba ya shingoni yenye kipini. Hirizi ni suala nyeti. Kama bibi hataki ivuliwe barabarani, ivueni mlangoni mwa chumba na aishike yeye mwenyewe mkononi mpaka mtoto atoke. Nywele: misuko yenye vibanio vya bati au nyuzi zinazometameta ifumuliwe siku moja kabla, si asubuhi kwenye benchi. Pini za hijabu. Wanja pia uoshwe vizuri kabla ya MRI, kwani baadhi una chembe za madini. Mvike nguo laini isiyo na zipu wala vifungo vya chuma.

Wewe unayeingia naye unavua pia. Sarafu, simu, funguo, sidiria yenye waya. Na utaje kila kilichomo mwilini mwa mtoto: mrija wa kutoa maji kichwani, chuma cha mfupa uliovunjika, kifaa cha kusikia, hata sarafu aliyoimeza mwezi uliopita na hamkuiona ikitoka. Mrija wa kichwani hauzuii kipimo moja kwa moja, ila wako wenye aina ambayo sumaku hubadilisha mpangilio wake, kwa hiyo kadi ya upasuaji iwe mkononi.

Mama mwenye mimba, au anayehisi huenda anayo, asiingie chumba cha eksirei wala siti skani. Aende baba, au shangazi, avae aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi.

Saba, safari

Kwa wengi wetu barua ya rufaa huishia Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, na huko wanafika watu kutoka Geita, Simiyu, Kagera, Mara na visiwa vya ziwani. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko, lakini wa Ukerewe bado anaitegemea meli, na meli haijui kwamba mtoto wako amefunga. Ukiwa unatoka mbali na kipimo kina dawa ya usingizi, lala Mwanza usiku wa kabla. Lala na usiku wa baada pia ukiweza. Mtoto mwenye mabaki ya nusu kaputi hafai kuwa katikati ya ziwa jioni.

Beba: barua ya rufaa, kadi ya kliniki, bima, picha na majibu ya zamani, majibu ya damu (kwa dawa ya kung'arisha picha huenda wakataka kipimo cha figo), orodha ya dawa, nguo mbili za ziada, nepi, chupa ya uji kwa baadaye. Kama mtoto ana pumu au aliwahi kuvimba kwa dawa, andika kwa herufi kubwa juu ya karatasi. Kama anakohoa au ana mafua mazito, piga simu kabla hujapanda gari, kwa sababu kumlaza kwa dawa mtoto mwenye kifua ni hatari.

Nane, chumbani

Aingie mtu mmoja wa familia, yule ambaye hatalia. Mara nyingi si mama. Kwetu alikuwa mjomba wake, fundi baiskeli, mtu asiye na maneno mengi.

Omba dakika mbili mtoto aitazame mashine kitanda kikitoka na kuingia kabla hajapanda. Wakati wa kuweka kanula mkalishe mapajani amekukumbatia, kifua kwa kifua, mkono mmoja umenyooshwa nyuma yako. Kumlaza chali na kumshika miguu ndiko kunakomfanya apigane. Azungumze mtu mmoja tu. Wakiwa watatu wanaosema "pole, pole, usilie, angalia huku", mtoto haelewi amsikilize nani.

Mjomba alisema neno moja: "Bismarck." Mtoto akafumba macho.

Kama atalazwa kwa dawa, utamwona akilegea ghafla, macho nusu wazi. Inatisha ukiwa hukuonywa. Kidoleni atawekewa kifaa cha kupima oksijeni. Ukiwa na wasiwasi tazama namba, na uliza anayemwangalia ni nani. Lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni pumzi ya mtoto tu, si picha. Hilo una haki ya kuliuliza.

Tisa, baadaye

Aliyefanya kipimo bila dawa arudi kucheza. Aliyechomwa dawa ya kung'arisha picha anywe maji mengi, na ukiona vipele, uvimbe wa midomo au anahema kwa shida, usiondoke eneo la hospitali, rudi haraka.

Aliyelazwa kwa dawa asitoke mpaka anaamka vizuri na kumeza. Anza na maji, funda mbili tatu, kisha uji wa bibi. Kwenye gari shika kichwa chake kisiangukie kifuani, maana kidevu kikibana koo hawezi kupumua. Nyumbani alale ubavu, na mtu mzima alale naye chumba kimoja. Saa ishirini na nne bila baiskeli, bila kupanda mawe, bila kuoga ziwani. Asipoamka ukimwita, akitapika mara kwa mara, au midomo ikiwa ya bluu, ni hospitali ya karibu, usisubiri kuche.

Mpiga picha hatakupa majibu, hata umbembeleze vipi. Anayesoma ni daktari bingwa wa radiolojia, naye huandika ripoti inayokwenda kwa daktari aliyekutuma. Uliza tu itatoka siku gani na ichukuliwe dirisha lipi. Filamu ukiikunja imekwisha, ukiiweka juani inaharibika. Iweke katikati ya kadibodi mbili juu ya kabati, na kama ni sidii andika jina la mtoto na tarehe kwenye bahasha, siyo juu ya sidii. Utaulizwa picha hiyo tena mwakani.

Jioni ile mwanangu alitaka kwenda Saa Nane kweli. Tulikwenda Jumamosi, na karanga.